Sweta za Ijumaa

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla hata hajakalia kigoda chake barazani, fundi cherehani anaokota sweta ya kwanza na kuugeuza mkono wa kushoto wa sweta hiyo kuelekea mwanga. Haangalii vifungo wala mfuko. Anaipapasa ncha ya mkono kwa kidole gumba, kama mtu anayepima unga kama umesagwa vizuri.

"Hii haikuchanika," anamwambia mama aliyeileta, kwa sauti ya chini inayomlazimu mwenzake ainame. "Imetafunwa. Umemwuliza mtoto?"

"Nimwulize nini tena, dada? Nimemgombeza."

"Kugombeza siyo kuuliza. Kamwulize kwanza. Mimi nitaishona jioni."

Mama huyo anacheka, anaikunja sweta na kuvuka barabara kumwahi mwanawe langoni mwa shule. Hajakasirika. Wateja wa baraza hili wameshazoea kurudishiwa kazi.

Fundi ana miaka ishirini na saba, cherehani moja ya kukanyaga, na mtoto mmoja wa kike aliye darasa la tatu katika shule hiyo hiyo ya ng'ambo. Kwa siku hushona nguo kumi hadi kumi na tano, nyingi zikiwa sare. Kuziba ncha ya mkono wa sweta ni bei ya daftari moja. Kwa kuwa haongei sana, wateja wamempachika jina la Fundi Kimya.

"Wanasema siongei," anasema, pini mbili zikiwa zimebanwa midomoni. "Naongea na nguo. Nguo haikukodolei macho."

Na nguo ndiyo iliyoanza kumweleza jambo, mwaka jana. Sweta iliyonaswa na msumari, anaeleza, hukatika mara moja na nyuzi zake hubaki wazi. Iliyotafunwa ni tofauti: nyuzi husokotana, na mate yakikauka pale hukakamaa kama pametiwa wanga. Zilianza kuja mbili, tatu. Baadaye zikawa rundo.

Akafanya lile ambalo fundi yeyote mzuri angelifanya. Akakata vipande vya suruali kuukuu za jinzi, akavishona kwa ndani kwenye kila mkono uliotafunwa. "Niliwaza, mtoto aking'ata akutane na ukuta," anasema.

Wazazi walifurahi. Aliyefurahi kuliko wote ni Mama Pacha, muuza viatu vya mitumba, ambaye wanawe wote wawili wako darasa la tatu.

"Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi," anakumbuka Mama Pacha, akitupa viatu vyake kwenye turubai. "Hawa wangu walilamba mtupu, wakamaliza na sufu. Fundi aliponiwekea jinzi nilimsifu mtaa mzima. Nikajua tumewakomesha."

Hawakuwakomesha. Alhamisi moja asubuhi binti wa fundi aligoma kuamka, akidai tumbo linamkata. Mama yake alipomshika mkono kumwinua, aliona ngozi ya pembeni mwa kidole gumba imeliwa mpaka nyama nyekundu inaonekana. Sweta yake ilikuwa nzima kabisa. Jinzi alimshonea yeye mwenyewe wiki mbili nyuma.

"Nilifunga mlango, hofu ikatokea dirishani," anasema fundi.

Mtoto alimwomba jambo moja tu: aache shule, akae barazani afundishwe kushona. "Mbona na wewe uliacha, mama," alimwambia.

Kweli aliacha, katikati ya darasa la tano. Kisa chake mtaa mzima unakijua na wanapenda kukisimulia: alikosa sare, akaachishwa masomo, na leo ndiye anayewashonea sare watoto wa wenzake. Kikisimuliwa mbele yake, yeye hutabasamu na kuendelea kukanyaga cherehani.

Siku ile binti hakwenda shule. Kesho yake, Ijumaa, sweta zilipoletwa, fundi hakuzishona. Alizitandika sakafuni na kusoma herufi za jina na darasa alizotia ndani ya ukosi wa kila moja ili zisichanganyike. Zilikuwa kumi na nne. Zote za darasa la tatu. Akakumbuka kuwa rundo kubwa huja Ijumaa siku zote, na akamwuliza binti yake Alhamisi kuna nini.

Kuna kusoma kwa sauti. Kila mtoto husimama mbele ya wenzake hamsini na kitu. Anayekwama hubaki amesimama mpaka mwenzake amsomee, na wakati huo wengine wana ruhusa ya kucheka.

Kikao cha wazazi kilikuwa wiki iliyofuata. Fundi alikuwa amehudhuria vikao sita katika shule ile bila kufungua kinywa. Safari hii aliingia na mfuko wa sandarusi uliojaa zile sweta, akasubiri hadi mwalimu mkuu alipouliza kama kuna mengineyo, akaenda mbele na kuzimwaga juu ya meza.

"Fundi, leo umetuletea mnada?" alitania Mama Pacha, na ukumbi ukaangua kicheko.

Fundi aliigeuza mikono ya sweta iwaelekee wazazi. Alisema maneno machache aliyoyakariri tangu alfajiri: "Zote za darasa la tatu. Zote nilizipata Ijumaa. Hazikuchanika. Zimetafunwa, kwa hofu." Akarudi kukaa.

Mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke wa makamo mwenye miaka kumi na minane kazini, aliinuka. Anakiri kwamba aliumia.

"Niliwauliza, kwa hiyo mimi ndiye ninayewatafuna watoto wenu? Mimi nilisomeshwa hivyo hivyo, nikasomesha hivyo hivyo. Nilidhani kicheko kinamwamsha mvivu."

Aliyeinuka baada yake ni Mama Pacha, safari hii bila utani. Alisema mwalimu asibebeshwe zigo peke yake, kwani yeye mwenyewe kila Alhamisi asubuhi huwaambia wanawe kuwa atakayekwama asirudi nyumbani kwake.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza hasa, na yaliendelea hadi mlinzi alipokuja kutikisa funguo.

Sasa Alhamisi watoto husoma kwanza wawili wawili, na anayekwama hukaa bila kuchekwa na yeyote. Kila asubuhi kabla ya somo, mwalimu huwauliza wameamkaje, na "nina hasira" ni jibu linalokubalika kama "sijambo." Nyumbani mzazi humsikiliza mtoto akisoma ukurasa mmoja. Asiyejua kusoma naye husikiliza, mradi asishike simu. Na fundi hashoni sweta iliyotafunwa kabla mzazi hajamwuliza mwanawe anaogopa nini.

"Mmoja aliniambia anaogopa baba yake na mimi tutaachana," anasema Mama Pacha. "Kusoma hakukuwamo kabisa. Nilikaa juu ya viatu nikalia. Usiandike hilo." Anafikiri kidogo. "Haya, andika."

Kila Ijumaa baada ya vipindi, mwalimu huvuka barabara kuja kuangalia rundo. Analiita daftari lake la pili la mahudhurio. Wiki hii amekuta sweta tatu.

Moja ya hizo ni ya binti wa fundi.

Mwalimu anaiona, anamtazama fundi, halafu anaaga. Amekwisha kumwalika Alhamisi ijayo aje akae darasani, apokezane ukurasa na mwanawe, na fundi alikubali kwa kutikisa kichwa. Anasema anakusudia kwenda. Anakusudia pia kujiandikisha katika madarasa ya jioni ya watu wazima, akianzia alipoishia.

Lakini sheria ni sheria, hata kwa mwenye baraza. Anamwita binti yake, anamkalisha juu ya sanduku la vitambaa na kumwuliza anaogopa nini.

"Kwamba Alhamisi utakwama," anajibu mtoto. "Watakucheka wewe." Anavuta ncha ya mkono wa sweta, haipeleki mdomoni. "Wewe ulikuwa unaogopa nini, mama?"

Fundi anaondoa mguu kwenye kikanyagio. Gurudumu linazunguka lenyewe mara mbili, linasimama.

"Sare nilikuwa nayo," anasema. "Niliogopa kusimama."