Koti la Sadri

Shangazi Shkurte alikuwa mliaji. Ukifiwa pale kijijini kwetu, milimani mwa Tropoja, mpakani na Kosovo, unamwita yeye aanze kilio, maana hakuna aliyejua kumtaja marehemu kama yeye. Na maiti ikikosekana, nguo zake hutandazwa sakafuni zikaliliwa. Kwetu hulii hewa.

Na nguo tumezililia, jamani! Babu alichukuliwa na Mturuki akafia Yemeni, ukaliliwa mkanda wake. Baba alichukuliwa na Mtaliano akapigane na Wagiriki, ikaliliwa kofia. Kila bwana aliyekuja alisema amekuja kwa heri yetu, akaondoka na mwanamume.

Kisha wakaja kututawala wa kwetu wenyewe, nao wakafunga mpaka, atorokaye ni msaliti. Mwaka sabini na nne Sadri, mwana pekee wa shangazi, akaukimbilia usiku, asirudi. Kwa kosa lake serikali ikatufukuza nyumbani miaka minane, vyombo vikachomwa. Shangazi aliokoa kitu kimoja tu, koti la sufu la Sadri. Tuliporudi akalitundika msumarini.

"Mlilie, dada, upumzike," majirani walimwambia.

"Kamlilieni mlevi wenu! Wangu yuko Amerika anakula nyama."

Kulitandaza lile koti ilikuwa ni kumzika. Alikataa miaka ishirini na mitano.

Aprili ya tisini na tisa, vita vya Kosovo vilimleta Valdet, kijana wa Gjakova, ng'ambo ya mpaka, kavaa shati tupu. Alilala kwetu siku mbili, akasema anarudi kupigana. Nje ilikuwa mvua ya barafu. Shangazi akanyoosha mkono msumarini.

"Shangazi, hilo koti?" nilimaka.

"Nyamaza, Lule. Mgeni atoke mlangoni kwangu anatetemeka? Sadri atanunua jingine hukohuko."

Vita vikaisha. Siku moja akaja mzee mmoja, kofia mkononi, akakataa hata kahawa.

"Mama, nilikuwa mlinzi mpakani. Mwanao alipigwa risasi usiku uleule. Tulimfukia kando ya mto. Nimepita juzi, mto umeshakula ukingo wote."

Shangazi hakumtukana. Alikaa chini, akautazama msumari. Wanawake walijaa nyumbani wakimngoja aanze. Nikamletea shati la kaka yangu, akalisukuma.

"Nililie shati la nani? Mwanangu nimemngoja kama mpumbavu, na nguo yake nimeigawa!"

Siku ya tatu akaamka na kilemba kichwani.

"Twende Gjakova. Nitaliazima."

Nilitaka ardhi inimeze. Kumwomba mgeni akurudishie ulichompa! Kwetu heri ufe.

"Aibu najua," akasema. "Nitaibeba. Siku moja tu, kisha nitamrudishia."

Njia nzima hakula. Pale Gjakova tukafunguliwa mlango na mama yake Valdet, Hatmone, amevaa nyeusi. Mimi nikaelewa hapohapo. Shangazi, masikini, akaanza kuomba radhi kwa ajili ya koti.

"Wewe ndiye mama wa koti!" Hatmone akamshika mikono. "Alikutaja kila siku. Walimuua mwezi wa tano, mama. Aliyekufa vitani huzikwa na nguo zake. Amelala nalo."

Ndipo shangazi akaeleza yote, Sadri, risasi, mto. Hatmone akatupeleka makaburini.

Udongo ulikuwa mbichi bado. Shangazi alisimama mbali, mikono kifuani.

"Kaburi ni lako, dada, na mwana ni wako," akasema. "Bila ruhusa yako siwezi kufungua kinywa. Mna nguo ya mwanangu humo."

Hatmone alikuwa amepiga magoti upande wa kichwani, mahali pa mama. Akasogea, akapapasa udongo pembeni yake.

"Njoo hapa. Anza na wako. Wangu ameliliwa, wako amengoja mno."

Shangazi akapiga magoti, akaweka viganja pale ambapo mabega ya koti yangekuwa, akaita, "Sadri!"