Zamu ya Mama Njoki

Moshi wa magunzi ya mahindi una harufu yake. Haukwaruzi koo kama moshi wa kuni mbichi, na unanukia kidogo vumbi, kidogo mkate ulioanza kuungua. Mwezi uliopita nilikwenda Kapseret kumwona shangazi yangu. Nilipokuwa nikipita nyuma ya nyumba fulani ambapo mtu alikuwa akichemsha chai, moshi ule ukanipata puani, nikasimama katikati ya njia. Mwendesha boda boda akanipigia honi na kuniuliza kama njia ni ya babangu. Nilimpisha, lakini akili ilikuwa imeshaniacha, imerudi kwenye Ijumaa moja ya Novemba nilipokuwa na miaka tisa, siku niliyosema uongo mbele ya Bikira Maria, tena nikiwa nimetoka kumbeba mgongoni.

Niwaeleze kwanza hilo la kumbeba, msije mkanifikiria vibaya.

Jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki ilikuwa na familia kama kumi na mbili zilizotawanyika kati ya mashamba, karibu na uwanja wa ndege, kiasi kwamba wakati mwingine sala ilibidi ingoje ndege ipite. Kila Jumamosi saa kumi tulikutana kwa mmoja wetu. Tulisoma Injili ya Jumapili, tukaombeana, tukasikiliza matangazo, kisha tukanywa chai ya mwenye nyumba. Zamu ilizunguka, na pamoja nayo ilizunguka sanamu ya Mama Maria, ya plasta, ndefu kama mkono wangu wa wakati ule. Ilifikishwa Ijumaa ili iwakute wenyeji wakijiandaa, ikakaa hapo hadi Ijumaa iliyofuata. Ikiwa kwetu, nyumba ilifagiliwa mara mbili kwa siku, na Baba, ambaye alikuwa fundi wa matrekta na alikuwa na mdomo wa fundi wa matrekta, alizungumza kwa adabu wiki nzima.

Kuihamisha ilikuwa kazi ya watoto. Mtoto mmoja wa jirani aliwahi kuiangusha mtaroni, mkono wa sanamu ukavunjika, na Baba akaurudisha kwa gundi nyeusi ya injini. Tangu hapo Mama, aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya, akaamua kwamba sanamu itafungwa mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, na hakuna atakayekimbia. Mama akiamua jambo, hata padre aliliandika.

Sasa Mama Njoki. Alikuwa mjane aliyetoka upande wa Nyeri, akiishi peke yake katika chumba kimoja cha udongo na mabati, kwenye kona ya shamba la watu. Wakati wa mavuno alitembea nyuma ya mashine akiokota mahindi yaliyobaki, na miezi mingine alifanya vibarua vya kulima. Kila mwisho wa mwezi jumuiya ilimpelekea unga, mafuta na sabuni. Mara nyingi nilibeba mfuko wa unga mimi mwenyewe. Alipokea kwa mikono miwili, akatuombea sote kwa majina, kisha akasimama mlangoni mpaka tulipopotea machoni pake. Jumuiya hakukosa hata siku moja. Alikaa karibu na mlango, na chai ikiisha, yeye ndiye aliyeosha vikombe, nyumba yoyote ile.

Kwake hatukuwahi kwenda. Mama alikuwa amesema tusimsumbue, na alisema kwa huruma kabisa, nilimsikia. Atatoa wapi sukari ya watu ishirini? Watakaa wapi? Kila mtu aliona ni neno la busara. Basi jina lake likaingia kwenye orodha ya wanaosaidiwa na likatoka kwenye orodha ya zamu, na miaka ikapita hivyo bila mtu kuona kasoro.

Ijumaa hiyo nilitumwa kuitoa sanamu kwetu na kuipeleka kwa Mama Chebet, mwenye ng'ombe wa maziwa, nyumba tatu mbele. Nilikuwa nimefika usawa wa kona ile mvua ya mawe ilipoanza, ile inayowaliza wenye mahindi ambayo bado hayajavunwa. Nikakimbia, nikivunja sheria ya Mama, nikajibanza chini ya mabati ya Mama Njoki. Mlango ukafunguka na mkono ukanivuta ndani.

"Ngai! Na huyo mtoto utamuua na baridi," akasema, akaanza kunifungua leso mgongoni.

Ndipo akaona si mtoto. Aliishika ile sanamu chini ya mikono, vile mtu anavyomshika mtoto aliyeamka, akaitazama muda mrefu. Mawe yalipiga mabati kiasi kwamba hatungeweza kusikizana. Yalipopungua, akaniuliza kwa sauti ndogo, bila kunitazama.

"Kwani ni zamu yangu?"

Nawaambieni ukweli, nilifungua mdomo kusema hapana. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini aligeuka akaniangalia, na sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na uso ule, wa kutumaini na kuogopa kwa pamoja. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni kesho, nikasema ni kesho saa kumi, maana uongo ukishaanza unataka saa na tarehe.

Alisukuma sufuria kando kwenye kimeza chake, akatoa kitambaa cheupe cha kichwa alichokivaa Jumapili, akakitandika na kuisimamisha sanamu juu yake. Kisha akapiga magoti kando ya meko ya magunzi, moshi ukimzunguka, akasahau kabisa kwamba nilikuwepo. Nilitoka polepole na leso tupu mkononi.

Nyumbani Mama aliuliza kama nimefikisha. Nikasema nimefikisha, na hilo halikuwa uongo, ila halikunisaidia chochote. Chakula nilikisukuma kando. Nilikuwa naona picha moja tu: kesho saa kumi watu wote wako kwa Mama Chebet wakiulizana sanamu iko wapi, na kule kwenye kona Mama Njoki amevaa, amepika, amekaa mbele ya kitambaa chake cheupe anangoja. Anangoja mpaka anaelewa. Niliogopa kupigwa, ndiyo, lakini niliogopa zaidi dakika ile atakapoelewa. Na bado sikusema. Nilijiambia nitasema asubuhi, na asubuhi nikajiambia nitasema baada ya chai.

Kabla chai haijaisha, mlango ukabishwa. Alikuwa Mama Njoki mwenyewe, amejifunga leso safi, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Mama Akinyi, nisaidie hata kikombe sita," akamwambia Mama. "Yangu ni mbili tu, na leo wageni ni wengi. Nitarudisha kama nimeosha."

Nilikuwa kando ya kabati. Nilimwona Mama akifungua mdomo kuuliza wageni gani. Halafu macho yake yakazunguka chumba yakanipata, na sijui aliona nini usoni mwangu, lakini aliona kila kitu. Mama akafunga mdomo. Akaenda kwenye kabati, akanisogeza kando na nyonga yake kama mtu anayesogeza kiti, akaanza kutoa vikombe vyake vizuri, vile vya maua ambavyo hata padre alivinywea mara moja kwa mwaka.

"Sita haitatosha," akasema. "Beba kumi na mbili. Si unajua watu wetu na chai?"

Mama Njoki alicheka, akapanga vikombe kwenye beseni, akaondoka akitembea kwa uangalifu mkubwa. Mama alifunga mlango akauegemea. Nikajiweka tayari kwa kofi. Badala yake aliketi, akaniambia nieleze, nikaeleza yote nikilia, mvua ya mawe, leso, swali lile na jibu langu. Nilidhani anachagua adhabu.

"Alikuuliza hivyo? Kama ni zamu yake?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hivyo amekuwa akingoja," akasema, akajifuta uso kwa ncha ya leso. Kisha akasimama akawa mwenyekiti tena. Nikatumwa kwa Mama Chebet na kwa nyumba zote na ujumbe mmoja: leo ni kwa Mama Njoki, kila mtu abebe kiti chake, na mtu yeyote asibebe kitu kingine. Si sukari, si unga, si mkate. Nikarudia mara mbili mbele yake ili nisikosee.

Mama Chebet alikuwa ameshakanda unga wa mandazi, beseni zima. "Na hii unga yangu sasa nipeleke wapi?" akauliza. Nilipomwambia ni kwa Mama Njoki, alinitazama kidogo, akalitazama beseni, akasema basi watoto wake watakula mandazi mpaka wachoke.

Saa kumi tulikwenda, mstari mzima wa watu kwenye njia ya matope, kila mmoja na kigoda au kiti cha plastiki kichwani. Baba alibeba benchi peke yake na kulalamika. Mama Njoki alisimama mlangoni, akatupokea kwa majina, vile alivyotuombea kila mwezi. Wazee waliingia ndani, waliobaki tukakaa nje mbele ya mlango, na jua likatoka kama lililoambiwa. Yeye ndiye aliyeongoza rozari. Sikuwa nimejua ana sauti kubwa hivyo, maana kwa watu wengine aliitikia tu.

Baadaye, kwenye sahani alizoazima kwa wenye shamba, akaleta githeri, mahindi aliyoyaokota mwenyewe na maharagwe machache, na chai ya rangi yenye tangawizi. Nilikuwa nimekaa mahali ninapoona pembeni mwa chumba, na gunia lake la mahindi lilikuwa limelala chini, karibu tupu. Nikahesabu midomo. Nikajua tunakula chakula chake cha siku nyingi, na kwamba ni mimi niliyewaita. Nikaiweka sahani yangu chini bila kuigusa. Na hapo ndipo Mama, mama yangu mwenye jiko lililojaa, alipoinua sahani yake tupu na kusema kwa sauti, "Mama Njoki, niongeze."

Niliona aibu kiasi cha kutaka kuingia chini ya benchi. Lakini Mama Njoki alitupa kichwa nyuma akacheka, kicheko cha tumbo ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Mwenyekiti ako na njaa leo! Mlikuwa mnamnyima chakula huko kwake?"

Watu wakaangua kicheko, Baba akijitetea, na Mama Chebet naye akainua sahani. Mama Njoki alipakua mpaka githeri ikamwagika pembeni. Chai ilipoisha Mama aliinuka kukusanya vikombe, na mwenye nyumba akamnyang'anya beseni. "Mgeni haoshi kwangu," akasema, na Mama akarudi akaketi kimya kama mtoto. Mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimemaliza sahani yangu. Hofu iliyokuwa imenikaa tumboni tangu jana haikuwepo tena, na nafasi yake ilikuwa imejaa githeri.

Katika matangazo Mama alisema kuanzia siku hiyo zamu itafuata nyumba zilivyopangana njiani, bila kuruka. Hakueleza zaidi. Mama Njoki akaitikia "Amina" mbele ya kila mtu, na miaka iliyofuata akawa mkali wa saa kuliko Mama mwenyewe.

Wakati wa kurudi nilimuuliza Mama kama nitalazimika kuungama ule uongo. Nilikuwa nimepokea Komunyo ya kwanza mwaka huo, na mambo ya dhambi niliyachukulia kwa uzito. Akasema ndiyo, uongo ni uongo, nikaungame, na yeye atakuwa nyuma yangu kwenye foleni. Tulienda wiki hiyo hiyo. Mimi nilichukua dakika mbili nikapewa Salamu Maria tatu. Mama alikaa mle ndani ya chumba cha maungamo muda mrefu sana. Nilimaliza Salamu Maria zangu, nikazirudia, nikaanza kuhofu kwamba padre anamgombeza kwa sababu ya tabia zangu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa mwepesi, akanishika mkono njia yote hadi nyumbani. Nilimuuliza yeye alikosa nini, maana nilivyojua, aliyesema uongo ni mimi. Akaniambia ya watu wazima niyaache.

Nimeyaacha miaka mingi. Siku hizi ni mimi mwenyekiti, katika jumuiya ya mtaa ninaoishi hapa mjini, nami ninaweka orodha mbili, ya zamu na ya wanaosaidiwa. Niliporudi kutoka Kapseret nilizitoa nikazitandaza mezani, nikazisoma kwa kidole, jina kwa jina, na kwenye ile ya zamu nikamkosa Mzee Barasa anayeshona viatu kando ya barabara. Nilimtoa kwenye zamu mimi mwenyewe mwaka jana mguu ulipomsumbua, nikiona huruma. Hapo nikajua Mama alikuwa anasema nini kule kwenye maungamo kwa muda mrefu vile.

Nilimpigia Mzee Barasa simu papo hapo, nikamwambia Jumamosi ni kwake. Nilisikia akiiweka nyundo yake chini. Kisha akaniuliza tutakuwa watu wangapi.