Siku Nilipoita Gari Bovu Nyumba Yangu

Kwenda kwa wakwe zangu Adungosi kuna njia fupi na njia ndefu, nami kwa miaka mingi nilipita ile ndefu, kwa sababu ile fupi hupita sokoni, na sokoni kuna akina mama waliokuwepo siku ile. Aibu nyingine huisha. Yangu ina mashahidi wenye afya nzuri.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilinunua na kuuza vitu vikuukuu Busia: baiskeli, karabai, mapipa, hata mlango wa kanisa niliwahi kuuuza (kanisa lenyewe likaja kununua mwingine kwangu). Ubaya wa kazi hii ni kwamba kila kitu unakiona kina bei, hata chumba unacholala. Mara mbili mtu alinipa kitu kidogo nimwachie chumba chetu cha kupanga, nikamwachia, tukahamia kwingine, na mara ya pili mke wangu Amoit hakuhama nami. Alirudi kwao. Baba yake akanitumia neno fupi: usije kumchukua binti yangu mpaka uwe na nyumba, na iwe yako.

Siku niliyokwenda kuomba msamaha nilipitia Malaba kwanza, maana nilisikia kuna gari-nyumba linauzwa. Mzungu mmoja mzee alikuwa amelitoa Uganda likamshinda pale mpakani, akamwachia dalali aitwaye Ssali, yeye akapanda treni akaenda zake. Ndani lilikuwa na kitanda, jiko na kabati. Nililizunguka mara mbili. Sakafu imeoza, paa limezibwa kwa lami, injini inakunywa oili kama mgeni wa matanga, breki unazikanyaga halafu unasubiri, na mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani. Kulitengeneza kungekula kuliko kulinunua. Lakini nilishamwona Amoit, kichwani mwangu, akichemsha chai humo ndani.

"Ssebo, bwana wangu, hii ni nyumba na gari kwa bei ya kitu kimoja," Ssali akasema.

"Ni magonjwa ya nyumba na magonjwa ya gari kwa bei ya vitu viwili," nikamjibu.

Hatukupatana. Nikamwambia siwezi kununua injini sijaisikia ikipanda mlima, basi twende nalo Adungosi turudi (na nauli ya kwenda ukweni nikawa nimeiokoa, msijifanye ninyi hamngefikiria hivyo).

Tulipoingia bomani watoto walitujia kama nyuki. Baba mkwe akatoka, akaligonga ubavuni.

"Wandera, hii ni nini?"

Ningesema ni gari la huyu bwana, nalijaribu tu, mkasa ungeishia hapo. Lakini Amoit alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, ananitazama, na mdomo wangu ukajisemea wenyewe: "Ni nyumba yangu, baba. Si ulisema nyumba?"

Vigelegele! Mzee akapanda, akabonyeza godoro, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mungu amekuleta na nyumba yenye miguu. Mama yako mguu umemvimba, na leo tulikuwa tumbebe kwa mabega mpaka hospitali. Mpeleke."

Sasa, kwetu na kwao pia, mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na mama mkwe hakioni kitanda cha mkwewe, sembuse kukilalia. Kwa hiyo nilikaza macho kwenye tairi la mbele wakati wanawake wakimpitisha mlango wa nyuma, leso juu ya kichwa, wakamlaza, wakafunga. Nikashika usukani, pazia likiwa katikati yetu, Ssali kando yangu.

"Ngojeni!" Huyo ni shangazi yake Amoit. "Mama mmemlaza wapi?"

"Kwa kitanda."

"Kitanda ya nani?"

Hapo ndani ya gari mama mkwe akapiga yowe, "Mmenilaza kwa kitanda ya mkwe wangu!" akaanza kuugonga ule mlango usiofunguka. Njia nyingine ya kutokea ilikuwa kunipita mimi. Nikaruka chini, nikakimbia nyuma kumfungulia, nikakumbuka siruhusiwi kumwona, nikageuka nikawa napapasa kitasa kwa mgongo kama ng'ombe anayejikuna, na kitasa kikatoka, kikabaki mkononi mwangu.

"Kondoo ya kutakasa lazima itoke," shangazi akasema. "Na hiyo ndoa tuikalie kikao."

Baba mkwe akaja karibu. "Wandera. Umeinunua, ama hujanunua?"

Nikaelewa. Kama ni yangu, hiyo ni nyumba yangu, kile ni kitanda changu, na mwiko umevunjika. Kama si yangu, ni gari tu la watu. Ssali naye akanusa biashara. "Amenunua, mzee! Amenunua kabisa!"

"Sijanunua," nikasema. "Hata bei hatujapatana."

"Sema kwa nguvu, mama yako asikie."

"Sijanunua! Si nyumba yangu. Sina nyumba!"

Amoit akatazama chini.

"Aliyetudanganya saa ile," shangazi akauliza, "tumwaminije saa hii?" Ikabidi nijitetee kwa kulitukana gari mbele ya umati: mtu mwenye akili timamu anunue sakafu iliyooza? Paa la lami? Breki za kusubiri?

"Na ndiyo mnanipeleka nayo hospitali?" sauti ikauliza kutoka ndani. Watu wakaanguka kwa kicheko.

Mzee akaamua: gari ni la Ssali, Ssali aendeshe. Likakataa kuwaka. Wanaume tukasukuma, lakini nyuma kulikuwa na dirisha linalotazama kitandani, kwa hiyo mimi peke yangu nilisukuma kwa mgongo, uso wangu umeelekea bomani, na Amoit alikuwa anatufuata taratibu, tukitazamana njia nzima.

"Amoit, mimi nilitaka tu..."

"Sukuma, Wandera."

Injini ikashika, gari likaruka, nami nikaketi vumbini. Amoit akanizunguka kama unavyozunguka kidimbwi, akalikimbilia gari.

Mama mkwe alipona. Amoit alirudi pia, ila baada ya mimi kufyatua matofali na kujenga vyumba viwili Busia, na baba yake kuja mwenyewe kuvikagua. Hakuniuliza mimi ni vya nani. Aliwauliza majirani, mmoja mmoja, mimi nimesimama pale pale. Na tangu siku hiyo, nikiwa ukweni, hata kofia niliyovaa sithubutu kusema ni yangu mpaka mtu mwingine aseme kwanza.