Gazeti aliloharibu Mama kwa kutafsiri

Jamani, kumbe Mama aliwahi kuharibu gazeti!

Namsaidia kuhama hapa mtaani Remera, nikakuta gazeti la kanisa la 1993, alilokuwa akisaidia kulitengeneza.

Ukurasa wa kwanza, kwa Kiingereza, herufi kubwa: "Kichwa cha habari kikae hapa." Chini yake: "Picha, safu mbili."

Nikamuuliza, hii nini?

Kumbe karatasi za kupangia kurasa zilitoka kwa wamisionari, maelezo yote kwa Kiswidi. Mchapaji hakujua Kiswidi, kwa hiyo aliyaruka, akafuata mistari tu. Mama, aliyejifunza Kiswidi kwa wamisionari hao, akamhurumia, akamtafsiria yote kwa Kiingereza, maana mchapaji alikulia Uganda.

Naye akachapa kila neno!

Sasa niambieni, kosa la nani?

Mama kashajitetea: "Yewe, mchapaji alipokuwa haelewi kitu, hatukukosea hata siku moja."