Kitako cha Kuku cha Rajaona

Kwetu huku kwenye milima ya Antsirabe, mdogo hajengi kaskazini mwa mkubwa wake. Huko ni kichwani pa mkubwa. Bakoly alilijua hilo vizuri, wala asije mtu kumtetea kwangu kwamba alisahau.

Aliachika bado kijana, akarudi na cherehani yake. Kaka yake Rajaona, aliyemlea tangu wazazi wafe, akampa chumba upande wa kusini wa nyumba yake. Humo Bakoly alidarizi vitambaa vya meza mpaka macho yakawa mekundu, akiweka akiba ya matofali. Siku ya kuchimba msingi, kaskazini mwa nyumba ya kaka yake, Rajaona alimwonya mara moja tu. Bakoly akajibu kwamba kusini ni bondeni, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka kitandani, na dunia imebadilika. Kaka mtu akanyamaza. Bakoly akadhani amekubali. Mtu amelelewa na mwenzake miaka yote hiyo, hajui ukimya wake una maana gani!

Basi ikaja siku ya kuingia nyumbani. Wali ulikuwa tayari, kuku wamekaangwa kwa tangawizi, na sisi majirani tumejaa mkekani. Katikati palikuwa na bakuli la maji. Mkubwa wa ukoo huyachota kwa kiganja, akawarashia wenye nyumba na kuwaombea, ndipo watu wale. Bila hayo nyumba ni matofali tu. Na katika ukoo wao mkubwa aliyebaki hai alikuwa mmoja, Rajaona.

Tulingoja hadi wali ukapoa. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bakoly akaweka kitako cha kuku kwenye sahani, kipande cha mkubwa, akaniomba nimsindikize. Kutoka mlango wake hadi wa kaka yake hata uji haupoi.

Rajaona alikuwa uani akipasua kuni. Bakoly akapiga magoti, akashika sahani kwa mikono miwili.

"Kaka, watu wanakungoja. Njoo unirashie maji."

"Nikurashie vipi, mdogo wangu? Baraka hutoka juu kwenda chini. Wewe ndiye uliye juu."

"Basi kula hiki tu. Chako hiki."

"Hicho ni cha mkubwa. Mpelekee mkubwa anayekaa kaskazini."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angemtukana. Machozi yalimlengalenga Rajaona, akaokota shoka akaendelea na kuni zake. Nilitamani kuwazaba vibao wote wawili, yule kwa kiburi chake na huyu kwa mila yake, lakini ningemwambia nini Rajaona? Hata mimi nisingemrashia mtu aliyejenga kichwani pangu.

Tuliporudi, wageni walikuwa wakitafuta viatu vyao. Waliaga kwa adabu, wakasema nyumba ni nzuri. Hakuna aliyegusa wali.

Bakoly alichukua lile bakuli akanawa mikono. Kisha akasimama dirishani, paa la kaka yake likiwa chini yake, akakila kile kitako taratibu mpaka mfupa. Kwetu mtu hukila kipande hicho akishawazika wakubwa wake wote. Na shoka la Rajaona tulikuwa tunalisikia.