Mwigizaji Aliyenipita Bila Kusema Neno

Jumamosi iliyopita tulimzika mwigizaji wa filamu kutoka Aljeria, nami, wasomaji wangu, nilisimama nyuma kabisa ya wanawake wenzangu, kwa sababu nilimwonea wivu hadi siku alipofariki. Afadhali niliseme mapema. Kwao Aljeria alikuwa nyota, sura yake ikibandikwa kwenye kuta za majumba ya sinema. Wasanii walipoanza kutishiwa kuuawa akakimbia, akaishia Gaithersburg, huku Marekani, akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee ambako nami nilikuwa nikiosha na kulisha wagonjwa. Mimi niliigiza michezo ya redio Dar es Salaam miaka kumi, lakini hapa hakuna aliyewahi kuniuliza. Yeye kila mzee alitaka alishwe naye.

Mwaka juzi jumuiya yetu ya Watanzania iliandaa mchezo wa kuigiza katika ukumbi wa kanisa, Wheaton, mji wa jirani. Mimi niliigiza mama aliyefiwa na mwanawe, maneno kurasa sita. Yeye, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, akapewa nafasi ya mtumishi asiyesema kitu. Siku yenyewe, nikiwa katikati ya kilio changu, nikaona watazamaji hawaniangalii mimi. Yeye alikuwa anakunja shati la huyo mwana marehemu. Anakunja, anakunjua, anakunja tena. Mume wangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia, akatoa leso.

Tulipokuwa tukibadilisha nguo akaniambia kwa Kiingereza chake kizito, "Dada, wewe una sauti. Nifundishe Kiswahili, nami nitakufundisha kunyamaza."

"Sina nafasi, kesho nina zamu mbili," nikamjibu. Uongo mtupu. Kesho yake nilikuwa na mapumziko.

Hakuniomba tena. Saratani ilipomlaza, wenzangu walikwenda kumwona kwa zamu; mimi nilituma salamu.

Huku ugenini mwalimu anakuwa mlinzi, mhasibu anaendesha teksi, na kila mmoja wetu anakumbatia kijisifa alichobakiwa nacho kama kuku anayeatamia yai moja. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nayo: alikuwa bora kuliko mimi, na nililijua hilo kuliko mtu yeyote ukumbini, maana kuigiza ndiyo kazi yangu. Basi ukikutana na aliyekuzidi katika kazi unayoipenda, mwonee wivu ukitaka, lakini kaa karibu naye. Mimi nilikaa mbali. Wivu ninao mpaka leo, na sikujifunza kitu kwake.