Swali la meno lililonifunga mdomo mbele ya darasa, Maji ya Chai

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa wote shikamooni.

Haya yalinipata mwenyewe, sijatia chumvi hata punje. Majina tu nimebadilisha, maana wahusika wengine wanapita pita humu.

Mimi ni mwalimu wa Biology, Mchaga wa Rombo, na wakati ule nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye shule ya kata fulani upande wa Maji ya Chai. Mdomo ninao, wanaonifahamu wanajua. Siku hiyo ndio ulioniponza.

Tulikuwa form four, topic ya Evolution. Kwa mliosahau: kulikuwa na Mfaransa, baadaye akaja Mwingereza. Majina yao mliyakariri shuleni, darasani kwangu tuliwaita hivyo hivyo.

Mfaransa alisema twiga alijivuta kufikia majani ya juu, shingo ikarefuka, akazaa mtoto mwenye shingo ndefu kidogo. Yaani kinachokupata maishani unamrithisha mwanao.

Mwingereza akakataa. Akasema twiga walizaliwa tofauti tofauti, na chakula kilipokuwa haba wenye shingo ndefu walishiba wakazaa, wenye shingo fupi wakafa. Waliobaki ndio wakarithisha.

Silabasi inataka nifundishe kwa Kiingereza. Lakini wakuu, nikifundisha kwa Kiingereza wananakili, nikifundisha kwa Kiswahili wanabishana. Nilitaka wabishane.

Weee! Darasa zima likahamia kwa Mfaransa. Mmoja akanipa mfano wa baba yake mchonga mawe, mikono imekomaa, na yeye mwenyewe ana mikono hivyo hivyo.

Nikatoka nje nikamwita mlinzi wetu. Mzee wa Kiarusha, masikio yametobolewa na kuvutwa mpaka yananing'inia mabegani. Nikamwamkia, nikamwomba aje anisaidie kidogo. Akaingia na fimbo yake, anacheka.

Nikamuuliza kwenu mmeanza lini kutoboa masikio. Akasema tangu babu wa babu yake, mwanzo haujui. Nikamuuliza, na watoto wenu wanazaliwa na masikio gani?

Akanishangaa. "Si kama hayo yako, mwalimu? Kila mtoto tunatoboa upya. Angezaliwa mmoja ametoboka tayari, si ningechinja mbuzi?"

Darasa likavunjika mbavu. Mimi nikarusha chaki juu kwa raha, nikatangaza kwamba Mfaransa kwisha habari yake.

Hapo ndipo Elinami akanyoosha mkono.

Elinami ni binti wa Kimeru, kichwa kweli kweli, ila alikuwa haongei bila kuziba mdomo kwa kiganja. Meno yake yalikuwa ya kahawia, kama ya wengi waliokulia maeneo hayo. Nilikuwa nayaona kila siku na sikuwahi kujiuliza chochote.

Akasema kupitia vidole: "Mwalimu, na meno yetu? Bibi kahawia, mama kahawia, mimi kahawia. Nyumbani wanasema maji yaliwaharibu wazee, sisi tumerithi tu. Si ndiyo hayo anayosema Mfaransa?"



 Wakuu, mwalimu mwenye mdomo akikosa jibu ni hatari. Nikamwambia, "Hayo ya meno yenu hayatoki kwenye mtihani, kaa chini."

YENU. Mimi Mrombo mwenye meno meupe nasema "yenu". Wawili watatu wakacheka, wengine wakainamisha vichwa. Elinami akakaa, akavuta kola ya sweta mpaka puani.

Jioni akanifuata ofisini. Nilidhani amekuja kulia, hata sikujua nimwangalie vipi.

Hakulia. Alisema dada yake ni mjamzito, na mama mkwe, ambaye si mtu wa huku, ameshatamka mbele za watu kwamba mjukuu atazaliwa na meno ya ukoo huo. Dada hali, halali. "Mimi sikuuliza kwa ajili ya mtihani, mwalimu. Nataka jibu la kumpelekea dada."

Nilijisikia vibaya, wakuu. Nikamwomba radhi, na kesho yake asubuhi nikarudia mbele ya darasa zima, maana hata kosa nilifanya mbele yao.

Kisha nikawapa kazi. Kila mmoja nyumbani kwake aandike ndugu zake, rangi ya meno, na mahali kila mmoja alipokulia utotoni. Nikawaambia ukweli kwamba jibu hata mimi silijui.

Aisee, yaliyoletwa yalinisisimua mwili.

Kijana mmoja, wazazi wake walihamia hapa wakiwa watu wazima, kutoka Lushoto. Baba meupe, mama meupe. Yeye na wadogo zake waliozaliwa hapa, kahawia watupu.

Halafu Elinami akasimama na daftari. Ana mdogo wake wa kike, baba mmoja mama mmoja, aliyechukuliwa na shangazi akiwa mchanga kabisa, akalelewa Moshi, akarudi anaanza form one. Meno meupe pe!

Wamelala chumba kimoja miaka miwili na hakuna aliyewahi kuuliza. Walikuwa wanasema tu amefanana na shangazi.

Akarudia taratibu, kama anajisomea mwenyewe: "Damu moja. Maji mbalimbali." Halafu akanitazama.  Muda wote huo nimefundisha nadharia za watu waliokufa zamani, na hapa binti wa kidato cha nne amepata jibu kwenye kitanda cha pili chumbani kwake.

Nikaenda mjini kumuuliza daktari wa meno. Akathibitisha: ni madini ya floraidi kwenye maji, yanayoharibu jino wakati linajijenga ndani ya fizi, utotoni. Ukishakuwa mkubwa meno yameota, hayageuki tena. Hakuna anayerithi. Kila mtoto anaharibiwa upya, kama mzee wetu anavyotoboa upya.

Na wakuu, nilimheshimu Mfaransa siku ile. Hakuwa mjinga. Aliona baba na mtoto wanafanana akaunganisha, na kijiji kizima kilikuwa kimeunganisha hivyo hivyo. Kisima ndicho walichokuwa wanarithishana.

Elinami akampelekea dada jibu. Nilisikia walifunga gata kwenye paa, wakaweka simtanki, na mtoto akapangiwa maji ya mvua tu, ya kunywa na ya uji. Majirani wakawacheka, eti mtoto wa kifalme. Mimi nikahamishwa shule, habari zikaishia hapo.

Sasa Jumamosi iliyopita nipo soko la Tengeru nachagua ndizi. Nasikia mtu anacheka kwa sauti, kicheko cha mdomo wazi kabisa. Nageuka, ni Elinami! Mama mtu mzima, anafanya kazi shamba la maua Usa River. Meno ni yale yale ya kahawia. Mkono haukwenda mdomoni hata mara moja.

Alikuwa ameshika mkono wa katoto ka miaka saba hivi. Akakaambia, "Mwamkie mwalimu, halafu mwonyeshe."

Kakaniamkia. Kakanyanyua kidevu, kakafungua mdomo.

Meno ya utotoni ya mbele yalikuwa yameng'oka. Mahali pake yalikuwa yanatoka mawili ya ukubwani, mapana, makali kwa chini kama msumeno. Meupe.

Elinami akasema, "Mwalimu, bibi yake huyu, yule mama mkwe wa dada, siku hizi anatembea naye kanisani anamfungua mdomo kila mtu aone."

Nimecheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki yenyewe. Muuza ndizi akaniuliza kama nimefiwa.

Nilichojifunza: mwanafunzi akikuuliza usichokijua, usimkalishe chini. Huenda nyuma ya swali kuna mtu hali, halali.

Walimu wenzangu, nani ameshawahi kuumbuliwa na swali? Na nyie wa Usa, Akheri na kwingine, mwenye ndugu aliyekulia mbali naye atuambie meno yake yakoje. Karibuni, hata wa kunisema nisemeni.

Na wale mtakaoniuliza kama uzi wote huu mrefu ni kwa ajili ya meno mawili: ndiyo, ni mawili tu, na la tatu lilikuwa linachungulia.